Printa ya Picha Kumi na Moja

Mkuu, Rombo
11 Februari 2024

Kaka Basili,

Shikamoo. Habari za Mwanza na za dukani? Wifi Elifuraha hajambo? Sisi huku tu wazima. Denis anakusalimu sana. Siku hizi hashikiki kwenye karakana yake, maana watu waliokuja Krismasi wamemwachia oda za mageti na madirisha. Mama mkwe naye yupo. Mguu unamsumbua asubuhi kukiwa na baridi, lakini ukimwambia apumzike anachukua panga anakwenda kukata majani ya ng'ombe.

Jumamosi iliyopita nilishuka Shirimatunda kumwona Mama. Amenenepa kidogo, na anasema ni dawa za presha, si chakula. Ananiuliza kwa nini Krismasi nyingine imepita ninyi hamjaonekana, na anauliza lile swali lake la kila siku: huyo mjukuu wa Mwanza atamwona lini? Nimekufikishia kama alivyosema.

Utashangaa kupata barua zama hizi. Simu yangu ikiita hapa nyumbani kila mtu anasogea asalimie, na maongezi yanaishia kwenye salamu. Ulipokuwa bwenini tuliandikiana, nimeona nirudi huko.

Shida yangu ni moja. Nataka kununua printa ya nyumbani, ya kutolea picha. Picha zenyewe ziko kwenye ile kamera ya dijitali uliyonipa siku ya sendofu yangu, nilipoagwa kuolewa. Nataka nizitoe mwenyewe, hapahapa ndani, ziwe na rangi na karatasi nzito kama za studio, si zile laini zinazojikunja. Kompyuta sina, ile ya shule ni ya mwalimu mkuu na inakaa ofisini kwake. Wewe mashine hizi unaziuza na kuzitengeneza, nisaidie kuchagua.

Nasubiri majibu yako.

Mdogo wako,
Stella


Mwanza
2 Machi 2024

Stella mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako niliipokea nikaigeuzageuza kwanza, nikidhani ni ya serikali. Tumefurahi. Huku mvua inanyesha kama imetumwa, na duka linavuja pembeni, kwa hiyo mashine zote nimezisogeza upande mmoja nikabaki na njia ya kupita kiubavu. Elifuraha hajambo, anashona. Mwambie Mama nampenda na dawa azimalize.

Sasa sikiliza vizuri, maana watu wengi hununua kwa kutazama kasha.

Printa za leza weka pembeni. Hizo ni za mitihani ya wanafunzi wako wa darasa la saba. Ukitolea picha ya mtu, anatoka kama bango la uchaguzi lililonyeshewa. Zipo za katriji. Mashine yenyewe rahisi, lakini wino wake ndio unaokula mfuko. Zipo za matenki, unamimina wino wa chupa, na hizo ndizo ninazouza zaidi. Picha zake nzuri. Tatizo lake ni kwamba inataka kazi. Ukiiacha mwezi mzima imekaa, wino unakauka kwenye vile vitundu vya kichwa, na ukija kuchapa uso wa mtu unapitiwa na mistari. Nusu ya ninazofungua hapa mezani zinatoka kwa watu waliozinunua wakazifunika kitambaa cha kufuma.

Halafu kuna ndogo, kama kopo la biskuti. Kazi yake picha tu, ukubwa wa postikadi. Haina wino wa maji, ina utepe wa rangi, kwa hiyo hakuna kukauka. Kadi ya kamera unaichomeka hapohapo, kompyuta huhitaji. Ubaya wake, ukubwa ni huo huo mmoja, na karatasi na utepe vinauzwa pamoja, huwezi kuokoteza.

Ili nikuchagulie lazima unijibu. Unataka kutoa picha ngapi? Kila mara, au mara mojamoja? Za ukubwa gani? Na zitakaa wapi, ukutani au kwenye albamu? Za ukutani jua huzifubaza.

Msalimie shemeji Denis na mama mkwe wako.

Kaka yako,
Basili


Mkuu, Rombo
24 Machi 2024

Kaka Basili,

Shikamoo. Poleni na mvua. Huku ndiyo kwanza zinaanza, na Mama mkwe ameshapanda maharage. Leo ni Jumapili ya Matawi, tumetoka kanisani na Denis amelala na viatu. Shule tumefunga. Kahawa ya mwaka huu imetoa maua vizuri kuliko mwaka jana.

Majibu yako ni haya. Picha ni kumi na moja. Hazitaongezeka. Nitazitoa mara moja, labda tena siku moja zikichakaa. Ukubwa ule wa kushika mkononi unatosha. Ukutani hazitakaa.

Kwa maelezo yako naona hiyo ndogo ndiyo yangu, lakini nataka uniambie wewe.

Swali la Mama hukulijibu.

Mdogo wako,
Stella


Mwanza
9 Aprili 2024

Stella,

Marahaba. Pasaka tumesherehekea vizuri, Elifuraha alichinja jogoo aliyekuwa akitukatiza usingizi, na amekuwa mgumu hata kwenye sufuria. Duka nimeliziba.

Kumi na moja! Mdogo wangu, sasa nazungumza kama kaka, si kama muuzaji. Picha kumi na moja hazinunuliwi printa. Ni sawa na kununua ng'ombe kwa ajili ya kikombe kimoja cha chai. Chukua kadi yako, shuka Moshi mjini, ingia studio yoyote, na kabla hujamaliza soda watakuwa wameshakukabidhi kwenye bahasha, zimekatwa vizuri. Pesa yako inunulie kitu cha nyumba.

Au ni picha gani hizo zisizoweza kufika studio? Au umeanzisha biashara ya upigaji picha unanificha, ili niwe wa mwisho kujua? Niambie, nicheke nawe.

Kuhusu Mama, nitampigia mwenyewe.

Kaka yako,
Basili


Mwanza
16 Juni 2024

Stella mdogo wangu,

Ni mimi tena. Miezi miwili sijapata neno lako. Kwenye simu unanisalimia vizuri, unanipa Denis, Denis ananipa mama yake, na ninapouliza habari ya printa unasema mtandao unakatika. Jana nilimuuliza Mama kama nimekukwaza. Akasema, "Mwache Stella, anapitia yake." Nikamuuliza yapi, naye akaanza habari za kuku.

Kama utani wangu ulikuuma, unisamehe. Mashine ndogo nimeitenga moja hapa, sijaiuza. Hata kama ni picha moja nitakutumia. Lakini ningependa kujua.

Basili


Mkuu, Rombo
30 Juni 2024

Kaka Basili,

Shikamoo. Sisi wazima, baridi tu imezidi, ukungu hauondoki mpaka saa tano. Hukunikwaza. Nimeanza kukuandikia mara nyingi nikachana.

Oktoba iliyopita uliambiwa mimba yangu imeharibika. Najua ndivyo ulivyoambiwa, kwa sababu nilikuwa kitandani nikimsikia Mama mkwe akisema hivyo kwenye simu, kwa kila aliyepiga. Haikuharibika. Nilijifungua mtoto wa kike, kabla ya wakati wake. Alilia. Si kwa nguvu, lakini alilia. Denis alikuwa nje kwenye benchi. Tulimpa jina Aika.

Walituambia mapema kwamba mapafu yake hayajakomaa. Muuguzi mmoja, anaitwa Justina, alimbatiza kwa maji ya kikombe kwa kuwa padre asingewahi. Kamera ilikuwa kwenye mkoba wangu. Niliibeba kwa furaha, kama wanavyofanya wengine. Justina akaiona, akaniuliza, "Mama Aika, nikupigieni picha?" Mpaka leo hakuna mwingine aliyeniita hivyo. Nikamwambia piga. Alitupiga picha mtoto akiwa hai kifuani kwangu, akatupiga tena kulipokucha, alipokuwa amekwisha kwenda.

Tulimzika kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, watu wanne tu. Mama mkwe alinipikia mtori wa ndizi kama mzazi mwenye mtoto, akanilisha kwa mkono wake. Sina neno baya juu yake. Lakini nilipomwambia kwamba nina picha alisema, "Picha ya mtoto wa namna hiyo haikai ndani ya nyumba. Inawafungia njia wengine." Denis alikuwepo, alikuwa anafunga kamba za viatu. Akaendelea kufunga. Tangu siku hiyo hajataja jina la mtoto, na mimi sijalitaja mbele yake.

Kwa hiyo Aika yuko kwenye kamera, na kamera iko kwenye sanduku, imezungushiwa kitenge. Nikibaki peke yangu naiwasha. Kioo chake ni kama kiberiti, uso wake wote unafunikwa na kidole changu. Na betri imeanza kuchoka. Naogopa siku moja nitabonyeza isiwake.

Studio nilikwenda. Ilikuwa Januari, Moshi mjini. Kijana alichomeka kadi, picha zikafunguka kwenye skrini kubwa inayotazama mlangoni, na watu walikuwa wamekaa wakisubiri picha za pasipoti. Mama mmoja akasema, "Jamani, kachanga haka, kamelala!" Wakasogea kutazama. Kijana akaikuza. Halafu mwingine akasema polepole, "Huyo hajalala." Yule kijana akanigeukia, na nakuhakikishia hakuwa na nia mbaya, akaninong'oneza, "Dada, nikimpaka wekundu kidogo mashavuni, hakuna atakayejua."

Nilichomoa kadi mwenyewe nikatoka. Nilitembea mpaka nikajikuta niko barabara nisiyoijua.

Hizo ndizo picha kumi na moja. Sitaki mtu mwingine azikuze, na sitaki mtu ampake kitu.

Stella


Mwanza
14 Julai 2024

Stella, Mama Aika,

Marahaba, mdogo wangu. Nilianza kuisoma barua yako dukani, nikafunga duka nikaimalizia ndani.

Sikujua kwamba alilia. Asante kwa kuniambia.

Nakutumia ile ndogo, inakuja na basi la kesho, na karatasi za kutosha. Nimeijaribu kwa picha ya mti ulio nje hapa na inafanya kazi vizuri. Kuna sehemu ya kung'arisha nyuso, mashine hizi huja nayo imewashwa. Nimeizima. Atatoka kama alivyo.

Uchomeke kadi, uchague picha kwa mishale, ubonyeze kitufe kikubwa. Karatasi itatoka nje na kurudi ndani, mara ya kwanza njano, ya pili nyekundu ya waridi, ya tatu buluu, na ya nne mashine itamfunika kwa ngozi nyembamba isiyo na rangi, ili maji na vidole visimharibu. Usiivute kabla haijamaliza. Rangi ya kwanza itakutisha, maana haionyeshi kitu. Subiri.

Kadi usiiache kwenye mashine. Nitumie niitolee nakala ya pili siku yoyote atakapokuja mtu wa kumwamini huku, nitakuhifadhia.

Barua yako nilimpa Elifuraha aisome. Aliisoma mara mbili. Anakusalimu.

Basili


Mkuu, Rombo
25 Agosti 2024

Kaka Basili,

Shikamoo. Tuko salama. Tumeanza kuchuma kahawa, vidole vyangu vyote vyeusi, usishangae madoa. Mzigo ulifika bila mkwaruzo, na Denis mwenyewe ndiye aliyeuchukua stendi. Aliniuliza ni nini. Nikamwambia ni mashine ya kutolea picha, kaka kanitumia. Akaibeba mpaka ndani, akaiweka mezani, akarudi karakana. Ilikaa kwenye kasha lake mwezi mzima na zaidi. Nilikuwa nikifagia kuizunguka.

Alhamisi mchana nilibaki peke yangu. Mama mkwe alikuwa amekwenda kwa jirani. Nikaichomeka, nikachagua ile aliyofumbua jicho moja, nikabonyeza.

Ulisema kweli kuhusu njano. Ilitoka karatasi yenye kivuli tu, kama doa la chai. Ikarudi ndani. Iliporudi nje ilikuwa na waridi, na hapo nikaona kidevu. Ndipo mlango ukafunguliwa. Mama mkwe amesimama na kikapu cha ndizi. Sikuwa na pa kuficha kitu, mashine ilikuwa inanguruma.

"Nini hicho?"

Nikasema, "Ni Aika, Mama."

Nilidhani atageuka atoke. Aliweka kikapu chini. Karatasi ikavutwa tena ndani ya mashine, naye akashtuka, akauliza, "Mbona wanamrudisha?"

"Bado hajamalizika, Mama. Inabaki rangi."

Akavuta kigoda akakaa. Ilipotoka mara ya tatu nywele zilikuwa nyeusi na macho yamekuwa macho, na ilipotoka ya mwisho mashine ikanyamaza yenyewe. Nikaichukua. Nilitaka niwe wa kwanza kumtazama, lakini mkono wake ulikuwa umeshanyooka, nikampa. Aliishika mbali, akaisogeza karibu, akaishika tena mbali.

"Ana paji la Baba Denis," akasema.

Baadaye akasema, "Mimi ndiye niliyemfunga sanda. Sikumtazama usoni. Nilijua nikimtazama sitaweza kumfunga." Akatikisa kichwa. "Kumbe alifumbua jicho."

Aliniomba aende nayo chumbani kwake, na mpaka leo hajairudisha. Nilichapa nyingine kama hiyo, kisha nikachapa zote, hata zile za asubuhi.

Jioni Denis aliporudi nilikuwa nimeziacha mezani. Nilichoka kuficha. Alisimama na nguo zake za kazi, masizi mpaka viwikoni, akaziona. Akatoka nje. Nikasema moyoni, basi, amekwenda zake. Halafu nikasikia bomba linafunguliwa. Alinawa muda mrefu. Akarudi mikono inachuruzika maji, akajifuta kwenye shati, akajifuta tena kwenye pazia langu, ndipo akaichukua moja, kwa kuishika pembeni kwa vidole viwili. Akaniambia, "Nilimsikia akilia, Stella. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyesikia."

Tulikaa. Chakula alileta Mama mkwe, naye akakaa nasi.

Nakutumia moja humu ndani, uwe nayo. Ni ya akiwa hai.

Na sasa nakuuliza mimi, si Mama. Kwenye barua zako zote unaniandikia habari za paa na jogoo. Ninyi mko salama?

Mdogo wako,
Stella


Mwanza
22 Septemba 2024

Mama Aika,

Marahaba. Picha imefika. Haikupauka, haikukunjika. Nimeishi na mashine hizi miaka mingi na hakuna picha niliyoitazama hivyo.

Umeuliza. Nitakujibu leo, maana nikingoja kesho nitakuandikia tena habari za paa.

Tulipoteza wawili, Stella. Wa kwanza mwaka wa pili wa ndoa, mwingine mwaka juzi. Hawakufika pa kulia. Hatukuwapa majina, hakuna aliyetupiga picha, na hospitali hatukuuliza waliwapeleka wapi, kwa sababu hatukujua kwamba mtu anaweza kuuliza. Hatukumwambia yeyote. Elifuraha alisema wakijua watamhurumia, na mimi nikaona kukaa kimya ndiko kumlinda. Ndiyo maana Disemba hatuji. Kila sebule tunayoingia huko, kabla ya kikombe cha kwanza tunaulizwa. Hapa mtaani kila mwanamke ni Mama Fulani. Yeye tu ndiye Elifuraha.

Picha ya Aika aliiweka mwenyewe juu ya kabati, imeegemea redio. Sikumwambia aiweke. Jumapili iliyopita alikuja jirani yetu, Mama Given, kuchukua gauni lake. Nilikuwa nakuja na chai. Akaiona akauliza, "Na huyu mzuri ni nani?"

Elifuraha akamjibu, "Ni Aika, binti wa wifi yangu wa Rombo. Alifariki."

Mama Given akasema pole, akatazama chini. Ningeweza kutaja mvua, nilikuwa nimeshafungua mdomo. Elifuraha akasema, "Na sisi tulikuwa na wawili." Alilisema kama mtu anayetaja watoto wake walioko shuleni. Mara ya kwanza kulisikia likitamkwa nyumbani kwangu.

Mama Given aliweka gauni mapajani. "Na mimi," akasema, "kabla ya Given."

Nikaacha trei pale nikatoka uani. Sikujua nifanye nini na mikono, nikachukua shati lililokuwa safi nikalifua. Nililifua, nikalisuuza, nikalianika, nikakaa juu ya ndoo. Niliporudi ndani bado walikuwa wanaongea, vichwa vimekaribiana, chai imepoa haijaguswa, na hakuna aliyegeuka kunitazama.

Usiku ule Elifuraha aliniambia nikate tiketi za Disemba. Nikamuuliza kama nikuandikie umwandae Mama, asianze na lile swali lake. Akasema hapana. Mama mwache aulize, atajibiwa.

Wasalimie wote wa hapo nyumbani, na shemeji Denis umwambie nimemsikia.

Ni mimi, mjomba wa Aika,
Basili